NANI MWENYE AMRI YA KUUBOMOA NA KUUJENGA MJI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na mwenye duka wa Mugango, Mkoa wa Mara.)





Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena chini ya paa moja, sisi tuliotawanyika bara kutafuta riziki na nyinyi mliobaki kuvilinda visiwa. Mmetutaka tuseme juu ya utengenezaji wa miji, nasi hatukuja na elimu ya wahandisi. Elimu yetu ni ya chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha ni ya nyuma ya meza ya duka. Lakini mwenye duka husikia mengi, maana kila mwenye kununua sukari huacha na habari.

Suala lililo mbele yetu ni hili. Mji unapochakaa, njia zikawa nyembamba na soko likawa halitoshi, ikaonekana kwamba hapana budi baadhi ya nyumba zivunjwe ili mji ujengwe upya, ni nani mwenye haki ya kusema: hii na ivunjwe, ile na ibakie? Je, ni wizara iliyo mbali, au shirika lililoundwa kwa amri, au baraza lililochaguliwa na watu wa mji ule ule? Sisi twasema kwamba haki hiyo ni ya baraza la watu, tena baraza lenye fedha na lenye kuchaguliwa kwa kweli. Tukiondoa moja katika hayo mawili, fedha au uchaguzi wa kweli, tutakuwa tumempa mtu ala ya jambia bila jambia.

Na tuanze na Mugango, maana ndipo tulipo. Mugango ni kata ya Wilaya ya Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wakwaya. Hapo ndipo maji ya ziwa yanapochotwa kwa ule mradi mkubwa wa Mugango, Kiabakari na Butiama, uliojengwa kwa fedha za benki ya Waarabu ya maendeleo ya Afrika na mfuko wa Saudia pamoja na fedha za serikali. Mahali penye maji, mwalo na maduka hapakai kuwa kijiji siku zote. Leo ni kijiji, kesho ni mji mdogo, keshokutwa atakuja mtu na ramani.

Sasa, mwenye ramani akija kutoka mbali, atajua nini? Atajua upana wa barabara na idadi ya viwanja. Lakini hatajua kwamba biashara ya mahali kama hapa huenda kwa mwezi, na hapa hatusemi mwezi wa kalenda ya ofisini bali mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Zikifika zile siku za kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, mwezi ukawa mpevu, taa hazina kazi, mitumbwi hupumzika, na fedha hukauka mikononi mwa watu. Siku hizo mwenye duka huandika madeni tu katika daftari. Basi mtu wa mbali atakayejenga soko jipya na kudai kodi ya kibanda kwa tarehe moja isiyobadilika, atawafungia watu milango bila ya kujua kwa nini wameshindwa kulipa. Diwani wa hapo ajua, maana naye huandikwa katika daftari lile lile. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena dagaa hutaka mahali pa kuanikwa penye jua na upepo, karibu na mwalo. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hii ni njema, kwani ziwa likifa sote tumekufa. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kichanja cha kuanikia dagaa na jumba la starehe lililomwaga maji yake machafu ziwani. Yataka mtu aliyesimama pale ufukweni ili kuipambanua tofauti hiyo. Mwenye kuitazama katika karatasi huviona vyote kuwa ni nukta moja iliyo ndani ya mstari.

Mheshimiwa Mwenyekiti, jambo hili si geni katika nchi yetu, na historia yake imeshatufundisha. Mwaka 1972 serikali ilizifuta serikali za mitaa za Tanzania Bara. Ilisemwa kwamba madaraka yanapelekwa mikoani. Kwa hakika waliopelekwa mikoani walikuwa ni maofisa wa serikali kuu, na madaraka yakabaki mikononi mwao. Mabaraza ya miji yakafa. Taka zikajaa, mifereji ikaziba, na katika miaka ile ile ya 1970 kipindupindu kikaenea. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, na mabaraza yakaanza kazi upya mwaka 1984.

Na katika mwaka huo huo wa 1984, Mwalimu Nyerere, ambaye kwao Butiama si mbali na Mugango, alipoulizwa mambo ambayo asingeyafanya tena lau angeanza upya, alitaja mawili: kuzifuta serikali za mitaa, na kuvivunja vyama vya ushirika. Twayataja haya kwa heshima. Mkubwa aliyekiri hadharani namna hiyo ametuachia hoja ambayo hata wapinzani wetu hawana budi kuipokea. Asemapo mtu wa upande wetu kwamba madaraka yawe kwa mabaraza, asiitwe mchochezi, maana amesema lililosemwa na Mwalimu.

Ama mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Dodoma. Mwaka 1973 ilipoamuliwa kuhamisha makao makuu, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wote waliijua kwa jina la CDA. Mamlaka hii ilishika ardhi ya mji. Mwananchi wa Dodoma alipewa hati ya miaka 33 tu, wakati mwenzake wa mji mwingine alipata miaka 99. Kulikuwapo Manispaa yenye madiwani waliochaguliwa, na kulikuwapo CDA yenye ardhi. Mwananchi alimpigia kura diwani, kisha akabomolewa na mtu ambaye hakumpigia kura. Akienda kwa diwani aliambiwa, ardhi si yetu. Akienda CDA hakuwa na mtu wa kumwondoa kwa kura. Mji mmoja ulikuwa na wenyeji wawili, na mgeni alikuwa ni raia.

Mamlaka hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikapewa Manispaa ya Dodoma, na hati zikaelekezwa zitolewe kwa miaka 99 kama kwingineko. Sisi, ijapokuwa tu wa chama cha upinzani, twasema lililo jema ni jema ajapokuwa amelifanya asiyekuwa wetu. Lakini twauliza: kilichoundwa kwa kalamu moja, kikavunjwa kwa kalamu moja, je, hakiwezi kurudishwa kwa kalamu hiyo hiyo? Madaraka ya raia hayapaswi kuwa zawadi ya mkubwa. Zawadi hushukuriwa, na haki hudaiwa.

Sasa tutazame fedha. Baraza likipewa amri ya kuutengeneza mji bila ya kupewa mfuko ni sawa na kijana aliyepewa ufunguo wa duka lisilo na bidhaa. Mapato yaliyo ya asili kabisa kwa mji ni kodi ya majengo, maana jengo limesimama mjini, latumia njia ya mji na mfereji wa mji. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi hiyo uliondolewa mikononi mwa halmashauri za Bara ukapewa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2021 ikaanza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hapo ikatokea ajabu: mwenye nyumba ndiye mwenye kodi, lakini mwenye kununua umeme ndiye aliyekatwa, naye mara nyingi ni mpangaji. Kukusanya kulirahisika, hatukatai. Lakini kiungo baina ya mlipaji na baraza lake kilikatika. Zamani mtu aliweza kumwuliza diwani: nimelipa kodi ya jengo langu, mbona mfereji haujazibuliwa? Fedha ikisharuka juu ya kichwa cha diwani, swali hilo hulielekeza kwa nani? Kwa mita ya umeme?

Na tuwatazame majirani zetu wa Kenya, maana wao wamelifanya jambo hili kwa katiba. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na serikali zake zikaanza kazi mwaka 2013. Mipango ya maendeleo ya kaunti na nyumba zimeandikwa katika Jedwali la Nne kuwa ni kazi za kaunti. Tena katiba ile yaagiza kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hapo pana amri na pana fedha, na yote mawili yameandikwa mahali ambapo kalamu ya mtu mmoja haifiki kwa urahisi.

Hata hivyo tusiwadanganye wanachama wetu kwamba kaunti ni dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 25 Februari 2020 gavana wa Nairobi alitia saini kuikabidhi serikali kuu kazi nne za kaunti yake, na mipango ya mji ikiwa mojawapo. Likaundwa shirika chini ya mwanajeshi, nalo likafanya kazi hadi mwaka 2022. Wapo waliofurahi, kwani barabara zilitengenezwa. Lakini waliochagua gavana na wajumbe wa baraza walijikuta wakitawaliwa katika mambo hayo na mtu ambaye jina lake halikuwamo katika karatasi ya kura. Na kule Mombasa, serikali ya kaunti ilipoamua kuzivunja nyumba zake kuukuu za Buxton ili yajengwe maghorofa mapya pamoja na kampuni ya watu binafsi, baadhi ya wapangaji walikwenda mahakamani. Walitaka kujua kama watarudi, na kwa bei gani. Basi kaunti nayo yaweza kumtoa maskini. Tofauti ni kwamba gavana ana siku yake ya kurudi kwa wapiga kura, na mahakama ina maandishi ya katiba ya kumpimia.

Kwa upande wa Bara twakumbuka Magomeni Kota, Dar es Salaam. Familia 644 zilitolewa katika nyumba zile, zikavunjwa, na wenyewe wakakaa nje kwa takriban miaka kumi, hata majengo mapya yakazinduliwa mwaka 2022. Walirudi, na twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini miaka kumi ni umri. Mtoto aliyetoka akisoma darasa la kwanza alirudi kijana. Wazee wengine hawakurudi, maana walikwishafika kule kusikorudiwa. Tengenezo la mji lisilotaja siku ya kurudi si tengenezo, ni uhamisho.

Sasa turudi nyumbani. Wanavisiwa hawana haja ya kuelezwa maana ya kuvunjiwa. Mwaka 1928 wazee wetu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, kwa kuwa waliona kwamba nyumba ni yao wenyewe lakini ardhi iliyo chini yake inawakamua. Hapakuwa na baraza la kuwasikiliza, basi wakasema kwa mgomo. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 yakaanza majumba marefu ya Michenzani, kwa ramani ya wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na nyumba nyingi za udongo za Ng'ambo zikavunjwa kuyapisha. Majumba kama hayo yakajengwa na Pemba pia. Hatusemi kwamba hayakuwa na faida, kwani maji na umeme viliingia ndani. Lakini nani aliulizwa? Baraza, ile ya mawe iliyo mbele ya nyumba, ambapo mzee hukaa baada ya Alasiri na jirani akipita humwamkia, haikuwamo katika ramani. Mtu akapandishwa ghorofa ya tano na jirani yake akapelekwa jengo jingine.

Leo ardhi na serikali za mitaa si mambo ya Muungano. Kwa hiyo lawama yetu hatuwezi kuivusha bahari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Zanzibar ya mwaka 2014 ni ya kwetu, na imetungwa katika Baraza letu la Wawakilishi. Lakini angalieni tofauti hii. Kijijini Mugango, mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji. Huku kwetu sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mwenye kuteuliwa humtazama aliyemteua kama mshale wa dira unavyotazama kaskazini. Mabaraza ya miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani yakitaka kujenga upya soko au kituo cha magari, mtu wa kwanza kumfikia mwananchi katika shehia yake ni huyo ambaye hakuchaguliwa naye.

Wala tusiisifu Bara kupita kiasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji haki ya kukubali au kukataa pale ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapotakiwa kuhamishwa. Hii ni haki kubwa mno. Lakini haki hiyo yashikwa na viongozi wa aina gani? Katika uchaguzi wa Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 upinzani uliingia, wagombea wakaenguliwa tena kwa wingi, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Na mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mshika kalamu wa baraza, huteuliwa na Rais. Basi tukisema baraza lipewe amri juu ya mji, lazima tuseme pia kwamba baraza hilo litokane na kura iliyohesabiwa sawasawa. Mizani iliyopindishwa haipimi haki hata ukiwekewa dhahabu juu yake.

Watatuambia kwamba madiwani hawana elimu, na mabaraza yamejaa wizi. Twajibu hivi. Elimu huajiriwa. Mpima ardhi na mchora ramani na wapelekwe katika halmashauri, wawe watumishi wa baraza, wasiwe mabwana zake. Ama wizi, upo, wala hatuufichi, na Mkaguzi Mkuu huuandika kila mwaka katika vitabu vyake. Lakini huuandika wa wizara na wa mashirika vile vile. Tofauti ni kwamba mwizi wa karibu waijua nyumba yake, na mwizi wa mbali wamjua kwa gazeti. Sisi wenye maduka twapenda deni la mtu tunayemjua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, twapendekeza chama chetu kisimame juu ya mambo haya matano, huku visiwani na kule Bara.

Kwanza, amri ya kupanga na kutengeneza upya mji iwe ya baraza lililochaguliwa, na iandikwe katika katiba pamoja na mipaka yake, isiwe ya kutolewa na kunyang'anywa kwa tangazo.

Pili, kodi ya majengo ya mji irudi katika mfuko wa mji, na hesabu zake zibandikwe ukutani kila robo mwaka, kwa Kiswahili ambacho mchuuzi aweza kukisoma.

Tatu, isivunjwe nyumba wala duka kabla ya fidia kulipwa. Kule Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, na kanuni za mwaka 2001 zataja hata faida aliyoikosa mfanyabiashara, usumbufu, na gharama za kuhama. Twataka kulipwa kutangulie tingatinga, lisifuatie.

Nne, mwenye kutolewa apewe hati yenye kutaja mahali pake pa kurudi, siku ya kurudi na bei ya kurudi. Na mpangaji naye ahesabiwe, maana mji haukaliwi na wenye nyumba peke yao.

Tano, masheha wachaguliwe na watu wa shehia zao.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Sheria za Bara zataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu. Je, sisi tulioko huko twahudhuria, au twasema mkutano ni wa wenyeji na sisi ni wapita njia? Mtu aliyekaa mahali miaka ishirini, akazaa na kuzika pale, si mpita njia. Asiyekuwapo na lake halipo. Twawaomba wanachama wote, popote walipo: kaeni na karatasi zenu za viwanja, kaeni na stakabadhi za kodi, ombeni nakala ya mihutasari ya vikao, na mkiambiwa kuna ramani ya mji wenu, nendeni mkaitazame kabla haijawekwa muhuri. Ukuta wenye alama nyekundu ya kubomolewa ni majibu ya kikao ambacho sisi hatukwenda.

Dini yetu imetufundisha kwamba mambo ya watu huendeshwa kwa kushauriana baina yao, na kwamba amana irudishwe kwa mwenyewe. Mji ni amana ya wakazi wake. Hatuombi kupewa kitu cha mtu. Twataka amana irudi ilikotoka, nasi tuiangalie wenyewe, tukikosea tusahihishane wenyewe kwa kura.

Haya ndiyo tuliyonayo.